Mikono Mingi, Mizani Moja



Chama chetu kimetimiza miaka 10. Katika sherehe kama hii ni desturi kuhesabu magunia yaliyouzwa na maghala yaliyojengwa. Kazi hiyo tunawaachia makarani wetu, nao wanaiweza. Sisi tumependa kutazama nyuma zaidi na kuuliza swali moja: watu wenye ujuzi mbalimbali huungana vipi hata wakatenda jambo ambalo hapana mmoja wao angeliliweza peke yake? Na kwa nini mara nyingine huunganishwa, kisha wakatawanyika?

Bonde lilivyotufunza

Hapa Chumbi, na katika bonde lote la Rufiji, hapana aliyepata kuishi kwa ujuzi wake mwenyewe tu. Mpunga hupandwa kwa mvua za kwanza, ukakua pamoja na maji ya mto yanapopanda wakati wa masika, ukavunwa maji yanaposhuka. Ndipo hufuata mlau, yaani kilimo cha ardhi ambayo mafuriko yameiacha na unyevu. Kilimo hicho kilimtaka mzee ajuaye tabia za mto, vijana wenye nguvu za kufyeka, mama ajuaye kuchagua na kutunza mbegu, mlinzi wa kukaa juu ya dungu akifukuza ndege na nguruwe, na mwenye mtumbwi wa kuvusha mavuno. Akikosekana mmoja, kazi ya wengine wote iliharibika. Wazee wetu hawakuwa na katiba wala daftari, lakini walijua kwamba mkono mmoja haulei mwana.

Shamba la amri

Ilipofika mwaka 1902, Serikali ya Wadachi chini ya Gavana von Götzen ilianzisha mashamba ya pamoja ya pamba katika nchi za pwani na kusini. Watu walikusanywa kulima shamba moja chini ya jumbe au akida. Mtu akitazama kwa mbali angeweza kusema, huu nao ni umoja. Lakini mlimaji hakuulizwa neno juu ya zao, wala saa ya kazi, wala bei. Aliyechelewa alipigwa kiboko. Malipo yalikuwa madogo hata wengine wakakataa kuyapokea, na huku mashamba yao ya chakula yakiota majani.

Matokeo yake twayajua. Katika Ngarambe, wilaya yetu hii hii, alitokea Kinjikitile Ngwale, ambaye maneno yake yaliwaunganisha watu wa makabila mengi waliokuwa hawajapata kusimama pamoja. Mwezi wa Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete waling'oa pamba, na vita vya Maji Maji vikaanza. Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Vita viliendelea hata mwaka 1907, na waliokufa kwa risasi na kwa njaa iliyofuata wanahesabiwa kwa makumi ya maelfu; wako wanahistoria wanaosema walizidi 200,000.

Twayakumbuka hayo kwa sababu yametuachia fundisho la kwanza la ushirika: kulima pamoja si kushirikiana. Watu wanaweza kuwekwa katika shamba moja na kila mmoja akabaki peke yake. Ushirika huanza pale mwenye jembe anapokuwa na sauti juu ya mizani.

Kilimanjaro na Usukuma

Fundisho la pili lilitoka mbali na kwetu. Mwaka 1925 wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda chama chao, na mmoja wa viongozi wake alikuwa Joseph Merinyo, mtu aliyejua kusoma na kuandika na aliyezifahamu kazi za ofisi. Wakulima walijua mibuni. Yeye na wenzake walijua barua na hesabu. Sheria ya vyama vya ushirika ilitungwa mwaka 1932, na mwaka 1933 chama kile kilifuatwa na Chama Kikuu cha Ushirika cha Kilimanjaro, maarufu kwa jina la KNCU.

Katika Usukuma jambo lilianza kwenye mizani yenyewe. Wakulima wa pamba waliona kwamba mzigo uliokuwa mzito begani ulikuwa mwepesi ukifika kwa mnunuzi. Wakawatafuta watu wao wenye elimu ya hesabu, wakawalipa ili wasimame sokoni na kupima tena. Nguvu ya kuunda vyama walikuwa nayo tangu zamani, maana vijana wao walizoea kulima kwa vikundi vyenye viongozi wao. Paul Bomani na wenzake waliunganisha mambo hayo mawili, elimu ya mpimaji na desturi ya kikundi. Mwaka 1955 likaanzishwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, nalo likawa miongoni mwa mashirika makubwa ya ushirika katika Afrika. Tazameni, ndugu wanachama: Shirikisho lile halikuzaliwa na fedha nyingi. Lilizaliwa siku ile mtu aliyejua kusoma mizani aliposimama upande wa mtu aliyejua kulima.

Kuvunjwa na kurudi

Baada ya Uhuru vyama viliongezeka upesi, vingine kabla ya kuwa na wahasibu wa kutosha au wanachama waliojua haki zao. Malalamiko yakawa mengi, na mwaka 1966 Serikali ikaunda tume ya kuvichunguza. Mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa, na kazi yao ikapewa vijiji na mashirika ya umma. Sheria ya mwaka 1982 ilivirudisha, na mwaka 1984 Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri kwamba kuvivunja kulikuwa kosa. Sheria ya mwaka 1991 ikasisitiza kwamba chama ni mali ya wanachama wake wenye hiari.

Hapa pana fundisho la tatu, nalo lina ncha mbili. Chama kilichoundwa kwa amri huweza kuvunjwa kwa amri. Na chama ambacho wanachama wake hawasomi hesabu zake huanza kufa kabla ya mtu yeyote kukivunja.

Kazi iliyo mbele yetu

Leo mkulima wa korosho au ufuta huleta zao lake ghalani, likapimwa, likapangwa kwa daraja, akapewa stakabadhi. Kisha huuzwa mnadani pamoja na la wenzake. Mfumo huu una nguvu yake katika sheria ya mwaka 2005. Wauzaji wadogo mia wakawa muuzaji mmoja mkubwa. Lakini kati ya siku ya kupima na siku ya kulipwa pana nafasi, na katika nafasi hiyo ndimo anamokaa mnunuzi wa kangomba, ambaye humwendea mwenye njaa kabla ya mavuno na kununua zao lake kwa bei ya kutupa. Hatuwezi kumlaumu mzazi ambaye watoto wake hawajala. Twaweza kujilaumu sisi sote ikiwa chama hakina akiba ya kumkopesha.

Mafuriko ya mwaka 2024 yalizamisha nyumba na mashamba katika Rufiji na Kibiti. Siku zile ilionekana wazi thamani ya kila mtu: mwenye mtumbwi, mwenye mbegu kavu, mwenye daftari la majina, mwenye chumba cha kuwapokea wengine. Ndivyo chama kinavyopasa kuwa siku zote, hata mto ukiwa umetulia.

Basi twaomba mambo matatu. Karani asome hesabu mbele ya mkutano kwa lugha ambayo mkulima ataielewa. Mkulima aje mkutanoni na aulize, maana kuuliza si uadui. Na vijana waliosoma wapewe nafasi kwenye mizani na kwenye vitabu, wazee wakiwa karibu kuwaonyesha daraja la zao na tabia za mto. Tukifanya hivyo, watakaoandika habari za miaka 20 watakuwa na mengi ya kusimulia.