Gitaa la kwaya: kavu au lenye umeme?

Kwaya ikiwa na pesa ya gitaa moja tu, ichague lipi? Gitaa lenye umeme ni gitaa kavu lililotiwa kinasa sauti, mara nyingi na batri ya volti 9. Umeme ukikatika, bado linapigwa. Lakini kwa bei ileile, sehemu ya pesa imelipia vifaa, si mbao.

Mwaka 1952, Mwenda Jean Bosco, mzaliwa wa Bunkeya hapa Lualaba, alirekodiwa na Hugh Tracey huko Jadotville, leo Likasi, akipiga gitaa kavu.

Kabla ya kulipa, lipigeni bila waya. Nyuzi zikikaa juu mno, kijana anayejifunza ataumia vidole na kuacha. Kinasa sauti huongezwa baadaye. Mbao mbaya hazitengenezeki.