Sura Tatu kwa Siku

Biblia ina sura 1,189. Asomaye tatu kila siku, na tano Jumapili, huimaliza ndani ya mwaka. Wazee wetu waliisoma katika tafsiri ya Roehl ya mwaka 1937, kisha katika Union Version ya 1952.

Jumapili mhubiri huongozwa na kalenda ya Kanisa. Asomaye nyumbani kwa mwanga wa koroboi hachagui. Hukutana na sura zisizohubiriwa. Ndivyo nilivyofika Hesabu 27, penye binti watano wa Selofehadi waliosimama mbele ya Musa kudai urithi wa baba yao aliyekufa bila mwana. Wakapewa. Sisi Waluguru, ambao kwa desturi ardhi yetu hufuata ukoo wa mama, twaweza kudhani neno hilo halituhusu. Lakini siku tatu baadaye yaja sura ya 36: wazee wa Manase wanalalamika kwamba binti hao wakiolewa na kabila jingine, urithi utaondoka pamoja nao. Yeyote aliyepata kuketi kusikiliza shauri la shamba huku Matombo ataitambua sauti ya wajomba! Wazee nao wakakubaliwa, na binti wakaolewa na wana wa ndugu za baba yao. Nimezisoma sura hizo mbili mara nyingi, wala sijakata neno kama binti wale walishinda.