Upimaji wa Teknolojia Zinazopendekezwa na Umma katika Kukabiliana na Umwagikaji wa Mafuta Baharini: Kutoka Torrey Canyon hadi Ghuba ya Mexico

Insha hii inajadili namna serikali zinavyopima teknolojia za kusafisha mafuta yaliyomwagika baharini, hususani zile zinazopendekezwa na umma. Hoja kuu ni kwamba upimaji huo hufaa zaidi pale utaratibu wake unapokuwa umeandaliwa kabla ya maafa.

Mnamo Machi 1967, meli ya Torrey Canyon iligonga mwamba karibu na pwani ya Cornwall, Uingereza, ikiwa na takribani tani 119,000 za mafuta ghafi. Ili kuyatawanya, zilimwagwa takribani tani 10,000 za sabuni za viwandani. Baadaye wanasayansi wa Plymouth walibaini kuwa sabuni hizo ziliwadhuru viumbe wa ufukweni kuliko mafuta yenyewe. Dawa haikuwa imepimwa, nayo ikageuka sumu.

Baada ya ajali ya Exxon Valdez huko Alaska mwaka 1989, tahadhari ilikuwa kubwa zaidi. Mbolea ya kuchochea bakteria wanaokula mafuta ilijaribiwa kwanza katika sehemu ndogo za ufukwe, kisha ikatumiwa kwa upana.

Changamoto ya mwaka 2010 ilihusu wingi wa mapendekezo. Mtambo wa Deepwater Horizon ulilipuka tarehe 20 Aprili na kuua wafanyakazi 11. Kampuni ya BP ilipokea mawazo zaidi ya 120,000. Mwanzoni mwa Juni, Serikali ya Marekani nayo ilianzisha mpango wa pamoja wa idara zake, ukiratibiwa na kituo cha utafiti cha Walinzi wa Pwani, ambao ulipokea mapendekezo karibu 4,000. Baada ya mchujo wa awali, kila pendekezo liliwekwa katika mojawapo ya makundi matatu: lenye uwezekano wa kusaidia mara moja, linalohitaji uchunguzi wa kina, au lisilofaa kwa tukio hilo.

Hata hivyo, kisima kilizibwa tarehe 15 Julai. Pendekezo lililohitaji uchunguzi wa kina lilikuwa na takribani wiki sita tu za kuthibitishwa.

Kwa hiyo, utaratibu wa 2010 uliziba pengo lililoonekana mwaka 1967, lakini ulianza mafuta yakiwa yametiririka kwa takribani wiki sita. Serikali inayosubiri maafa ndipo itengeneze chujio hulazimika kuchagua kati ya haraka na uhakika.