Maudhui: Neno Moja, Maana Mbili



Ndugu msomaji, muulize mwanafunzi wa sekondari hapa Diani au Msambweni "maudhui" ni nini. Atakwambia ni mambo yanayozungumzwa ndani ya kitabu, na kajibu sawa. Lakini ustadhi madrasani akisema hadithi fulani ni maudhui, ana maana nyingine kabisa: ni ya kutungwa, kazuliwa Mtume (S.A.W.). Neno ni lile lile la Kiarabu, yaani kilichowekwa. Kitabuni ni jambo lililowekwa mbele ya msomaji. Kwenye hadithi ni maneno aliyowekewa Mtume mdomoni, naye hakuyasema.

Tusichanganye na hadithi dhaifu. Hiyo mapokezi yake yana kasoro, mathalan mpokezi mwenye kumbukumbu mbovu. Maudhui ni uongo. Ibn al-Jawzi, aliyefariki mwaka 1201, alizikusanya kwenye kitabu kizima ili watu wajihadhari nazo.

Pwani yetu nayo imeyaona. Mwaka 1908 barua ilienea Lindi, Tanganyika ya Wajerumani. Ilidai kuwa Sheikh Ahmad, mlinzi wa kaburi la Mtume Madina, kamuota Mtume akionya kwamba Kiyama ki karibu. Vita vya Majimaji vilikuwa vimekwisha juzi tu, 1907, na nyoyo zilikuwa na majonzi. Watu wakaiamini. Wajerumani wakaingiwa na hofu, wakamshuku Rumaliza aliyekuwa Unguja. Kumbe barua ya namna hiyo ilikwisha kuonekana Java miaka ya 1880!

"Wasia" huo haujafa. Umepita kwa fotokopi, sasa unapita kwa simu: utume upate kheri, ukiupuuza utafikwa na msiba. Sheikh Ibn Baz wa Saudia, aliyefariki 1999, aliandika kuukanusha.

Wengine husema, "Si unahimiza swala na toba? Ubaya uko wapi?" Ubaya ni kuwa anayemzulia Mtume makusudi ameonywa kwa Moto. Tena, anayeswali kwa kuogopa karatasi, kamuogopa nani?

Basi vijana, Ramadhani hii ujumbe ukikujia, uliza: nani kaupokea, na uko kitabu gani? Hujui, muulize ustadhi kabla hujautuma. Kuacha kutuma jambo usilolijua hakukuletei msiba.

Wabillahi tawfiq.