Belém na Dhahabu ya Kilwa

Upande wa magharibi wa Lisbon, mji mkuu wa Ureno, kuna kitongoji cha Belém, ambako wageni wengi humalizia siku yao ya mwisho wakitembea polepole kando ya mto Tagus, na ambako mabaharia wa zamani nao walitumia saa zao za mwisho wakiwa nchi kavu. Vasco da Gama na wenzake walikesha wakisali katika kikanisa cha hapo kabla ya kung'oa nanga tarehe 8 Julai 1497, katika safari iliyowafikisha Mombasa na Malindi mwaka uliofuata. Mahali hapo Mfalme Manuel wa Kwanza alijenga monasteri ya Jerónimos, yaani makao ya watawa, iliyogharimiwa kwa kiasi kikubwa na ushuru wa biashara ya Afrika na Mashariki, na ambayo ilisalimika katika tetemeko la mwaka 1755 lililobomoa sehemu kubwa ya mji.

Kwa msomaji wa pwani ya Waswahili, hata hivyo, ushahidi mzito zaidi umo katika Makumbusho ya Taifa ya Sanaa za Kale, mjini humohumo: monstransi, chombo ambacho Wakatoliki huwekea Ekaristi ili iabudiwe, iliyokamilishwa mwaka 1506 kwa dhahabu ambayo mtawala wa Kilwa alilazimishwa kuitoa kwa vitisho vya mizinga. Mitume 12 wamepiga magoti kuizunguka tunu hiyo, ambayo Manuel aliiusia kwa watawa wa Belém.