Sabuni ya mawese na njia ya kupanda Ufipa

Siku hizi kila ukigusa mtandao unakuta mtu anafundisha kupika sabuni ya mafuta ya mzeituni. Sina ugomvi nao. Ila wenzangu wa Sumbawanga, kabla hatujakimbilia kile kichupa cha bei mbaya, tukumbushane habari ya sabuni yetu.

Wafaransa mzeituni waliutungia sheria. Mwaka 1688 mfalme Louis XIV aliwaamuru watengenezaji wa Marseille wasitie mafuta mengine yoyote. Ni bandari hiyo hiyo Mapadre Weupe wa kwanza waliondokea Aprili 1878, safari iliyowaleta Ujiji na baadaye, mwaka 1885, Karema. Huku ziwani mzeituni wangeutoa wapi? Kuna mchikichi. Richard Burton alipofika Ujiji Februari 1858 aliyakuta mawese sokoni. Na cha kuchekesha, karne hiyo hiyo Marseille nayo ilianza kupikia sabuni mawese ya Afrika Magharibi!

Sasa Ufipa tuna shida moja. Mchikichi unapenda joto la mwambao, na Sumbawanga iko mita kama 1,800 juu ya usawa wa bahari, wakati ziwa liko 770 hivi. Kwa hiyo mawese, na ile sabuni nyekundu ambayo Kigoma wanaiita gwanji, vilikuja kwa mitumbwi na kwa meli ya Liemba, vikashushwa Kipili au Kasanga, ndipo vikapandishwa milimani.

Walioishi miaka ya mwanzo ya 1980 wanajua umuhimu wa njia hiyo. Vita vya Kagera vya 1978-79 vilikuwa vimekomba fedha za kigeni, mche wa sabuni ukawa kitu cha kupangia foleni. Mwaka 1983 Sokoine akaanza kuwasaka wahujumu uchumi, watu wakaogopa hata kukutwa na katoni ya sabuni uvunguni. Nguo zilifuliwa kwa majani ya mpapai. Mwenye shangazi mwambao alikuwa tajiri.

Kostiki nayo huagizwa nje, lakini wazee walikuwa na njia isiyohitaji kostiki. Majivu ya maganda ya ndizi unayatia kwenye chungu chenye matundu, unapitisha maji polepole mpaka yatoke makali yenye rangi ya chai, kisha unayachemsha na mawese. Inatoka sabuni laini ya kuchota kwa mkono, kwani majivu yana potashi. Ya kukata vipande inataka kostiki.

Mwaka 1984 serikali ikalegeza uagizaji, sabuni za madukani zikarudi, na gwanji ikaitwa ya maskini. Hapo ndipo ninapokasirika. Sabuni ya mafuta ya aina moja ikitoka Ulaya ni anasa, ikitoka ziwani ni ushamba?

Basi wanaopika wazingatie. Kilo ya mawese hula gramu 141 hivi za kostiki, ya mzeituni 134. Ukitumia kipimo cha mawese kwenye mzeituni, gramu 7 zinabaki zinatafuta ngozi ya mtoto wako. Alizeti yetu ya Rukwa ina kipimo karibu sawa na mzeituni, lakini peke yake sabuni huwa laini na kuchacha mapema. Itieni mawese, ndiyo yanayoigumisha.

Anayejua bei ya dumu la mawese Kasanga wiki hii aniandikie.