MiG-21 Mezani: Nilichojifunza Nikiunda Ndege ya Vita ya Kagera

Kisanduku kilifika Mwanza ndani ya begi la mpwa wangu aliyetoka Ujerumani, kimebanwa kati ya chokoleti na nguo za watoto. Mke wangu alikitazama, akanitazama na mimi, akauliza, "Baba Neema, mtu mzima na midoli?" Sikuwa na jibu la haraka. Ndani mlikuwa na MiG-21MF ya plastiki, kipimo cha 1/48, kazi ya kampuni ya Eduard ya Ucheki. Nilikuwa nimeitamani kwa miaka, na sababu yake haikuwa ya kitoto hata kidogo.

Mama yangu ni mtu wa Kanyigo, Missenyi. Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka, alikimbia na mimi nikiwa tumboni. Nilizaliwa Machi mwaka uliofuata, kwa ndugu zetu Muleba. Nimekua nikisikia habari za "ndege za Amin" kama watoto wengine wanavyosikia habari za mazimwi. Nilitaka kulijua hilo zimwi kwa mikono yangu.

Nianze na tathmini ya kisanduku chenyewe, maana wapo wasomaji wa blogu hii wanaopenda kujua kitu kabla ya kupewa falsafa.

Modeli ya namna hii haiji ikiwa ndege. Inakuja ikiwa vipande vingi vya plastiki ya kijivu vilivyoshikamana na fremu zake, kila kimoja na namba. Unakata, unapiga msasa, unajaribisha, ndipo unagundisha. Toleo hili, wanaloliita ProfiPACK, linaongeza vibati vyembamba vya chuma vilivyochongwa kwa tindikali, ambavyo vingine vimeshapakwa rangi kabisa: mikanda ya rubani, swichi, uso wa mita. Kibati kimoja kikidondoka sakafuni, sahau. Mimi nilipoteza viwili, na kimoja nilikikuta siku ya tatu kimenasa kwenye soksi.

Ubora wa plastiki ni wa juu sana. Nusu mbili za kiwiliwili zinakutana vizuri, na pale nilipohitaji puti kosa lilikuwa langu la kupiga msasa kwa pupa. Mistari ya mabati imechorwa kwa ustadi, na ribiti zimewekwa safu kwa safu mwili mzima. Hapo ndipo nina manung'uniko kidogo. Ukiiangalia ndege halisi kwa umbali ambao ingeonekana ndogo kiasi hiki, ribiti nyingi zingepotea machoni. Modeli inakuonyesha zaidi ya kile ambacho jicho lingekiona. Lakini ukishapaka rangi ya fedha na kupitisha wino mwembamba kwenye mistari, unasamehe.

Ushauri wa bure kwa atakayejaribu: ndege hii ina gurudumu la mbele, na mwili wake ni mrefu nyuma. Jaza uzito puani kabla hujafunga kiwiliwili. Mimi nilitumia risasi za kuvulia samaki, zile wavuvi wetu wanazofunga kwenye nyavu. Ziwa Viktoria nalo lina mchango wake humu.

Sasa ndege yenyewe. Mabawa ya MiG-21 halisi, kutoka ncha hadi ncha, ni mita 7.15 tu. Mezani kwangu yakawa sentimita 15, kama urefu wa kalamu. Nilishangaa. Zimwi la utotoni lilikuwa na mabawa mafupi kuliko upana wa nyumba yetu! Ni bomba la injini, mbele limeachwa wazi kumeza hewa, katikati ya mdomo limewekwa koni, na mtu mmoja amekalishwa juu yake. Mabawa ni ya pembetatu, na Warusi waliita ndege hii balalaika kwa kufanana na kinanda chao. Wabunifu wake, ofisi ya Mikoyan na Gurevich, walirusha ndege za majaribio katikati ya miaka ya 1950, na kabla ya uzalishaji kukoma, viwanda vya Kisovieti peke yake vilikuwa vimetoa zaidi ya 10,000. Hakuna ndege ya kivita ya kasi kuliko sauti iliyotengenezwa kwa wingi kama hii. Czechoslovakia nayo iliunda zake katika miaka ya 1960, kwa hiyo si ajabu Wacheki wa leo kuiunda kwa mapenzi namna hii.

Kazi iliyonichukua muda mrefu zaidi ni chumba cha rubani. Rangi yake ni buluu iliyochanganyika na kijani, rangi maarufu ya ndege za Kisovieti. Katikati ya ubao wa mita umepita mstari mweupe, wima. Nilidhani ni urembo. Kumbe ni kwa ajili ya uhai: ndege ikianza kuzunguka kama pia na kuporomoka, rubani anausukuma usukani wake moja kwa moja kuelekea mstari ule, asiyumbe kushoto wala kulia, na hapo ana nafasi ya kuiokoa. Nilikaa na kile kibati kwenye kibano kwa muda. Mtu aliyeweka mstari ule alijua kwamba kuna dakika rubani hatakuwa na akili ya kufikiri, atakuwa na hofu tu.

Makombora nayo yana kisa. Yale madogo yanayoning'inia chini ya mabawa ni R-3S. Septemba 1958, katika mapigano ya anga kwenye mlango bahari wa Taiwan, kombora la Kimarekani aina ya Sidewinder liliipiga MiG-17 ya China likakwama mwilini bila kulipuka. Rubani alirudi nalo nyumbani. Wachina wakawapa Wasovieti, na mafundi wa Moscow wakalifungua, wakalisoma, wakatengeneza la kwao. Kwa hiyo nikigundisha vipande vile, nilikuwa nagundisha silaha ya Kimarekani iliyojifunza Kirusi, ambayo baadaye ilisafirishwa hadi Afrika Mashariki.

Ilifikaje huku? Amin alipindua serikali Januari 1971. Mwanzoni Israel ilikuwa rafiki yake, lakini mwaka 1972 aliwafukuza Waisraeli, akageukia Libya na Wasovieti. MiG-21 zikaja Entebbe. Usiku wa kuamkia Julai 4, 1976, makomando wa Israel walipotua pale kuwaokoa mateka wa ndege ya Air France, walizilipua MiG zilizoegeshwa uwanjani ili zisiwafuate angani. Wengi wetu tunaukumbuka mkasa wa Entebbe kwa filamu za uokoaji. Mimi sasa naukumbuka pia kwa mabati yaliyoungua pembeni, maana zile zilizobaki, na zilizofuata, ndizo zilizokuja kwetu miaka miwili baadaye.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 ndege za Uganda zilishambulia Bukoba na maeneo ya jirani. Amin akatangaza kwamba mpaka mpya ni mto Kagera. Ili jeshi letu lisivuke, ilibidi daraja la Kyaka livunjwe. Ndege zake zikajaribu kulipiga kwa mabomu, zikakosa. Hatimaye, Novemba 3, lililipuliwa na watu waliotega baruti kwa mikono. Jambo hili nilikuwa nimelisoma zamani bila kulielewa. Nililielewa siku nilipoweka kile kiti kidogo na kufunga kioo. Rubani wa MiG-21 amezama ndani, mbele yake pua ndefu, pembeni mabawa. Chini haoni kitu. Ndege hii ilibuniwa kupaa haraka na kukimbizana na ndege nyingine huko juu. Kuipa kazi ya kutafuta daraja, au kijiji, ni kumpa mkuki mtu anayepita mbio na kumwambia achome sindano.

Na sisi je? Hapa ndipo kazi ya modeli ilipoanza kunisumbua. Hatua ya mwisho ni kubandika alama za nchi, zile stika unazoloweka majini. Nilitaka kuipa ndege yangu alama za Uganda ya Amin, niwe nimemaliza hesabu. Lakini Tanzania nayo ilikuwa na MiG zake. Katika vita ileile, wapiganaji wetu wa mizinga pale Musoma walizitungua ndege tatu za kivita zilizokuwa zikipita juu yao. Zilikuwa za kwetu. Vijana wetu ndani, vijana wetu chini. Ukiwa chini na jua machoni, bendera iliyochorwa ubavuni haikusaidii.

Halafu kuna Saanane, kisiwa ninachokiona nikishuka ufukweni Capri Point. Mwishoni mwa Machi 1979, ndege ya Libya aina ya Tu-22 ilitumwa kulipua matangi ya mafuta ya Mwanza. Ilikosa shabaha, mabomu yakaangukia hifadhi ya wanyama na kuua swala. Watu wa hapa husimulia kisa hicho wakicheka. Nami hucheka, ila najua kilichokuwa kati ya swala wale na mji huu ni kosa dogo la hesabu ndani ya chumba cha rubani.

Aprili 7, 1979 wanajeshi wetu waliuteka Entebbe, na MiG walizozikuta nzima zikaja Tanzania. Zilezile zilizokuwa za adui zikawa mali yetu. Chuma hakina kinyongo.

Mama alikuja kututembelea modeli ikiwa imekamilika isipokuwa zile alama. Sikumwambia ni nini. Aliikuta mezani asubuhi, akavaa miwani, akainama. Nilitarajia machozi, au maneno makali. Akasema, "Hii si yenyewe. Yenyewe ilikuwa na mlio." Akanieleza kwamba hawakuwahi kuiona vizuri. Mlio ulikuja ukiwa umeshapita, na wewe umeshalala kifudifudi kwenye migomba, umeziba masikio kana kwamba masikio ndiyo yanayouawa.

Kisha akagusa kioo kwa kidole. "Mwendeshaji anakaa humu?"

"Ndiyo mama."

"Wangapi?"

"Mmoja."

Alinyamaza. "Kumbe ni mtu mmoja tu," akasema. "Sasa humo ndani alikuwa anatuonaje?"

Nilimweleza habari ya pua na mabawa, kwamba kwa mwendo ule chini haonekani mtu, labda rangi ya kijani tu na mng'ao wa mto. Alinisikiliza mpaka mwisho. Miaka yote hii, aliniambia, alidhani yule mtu alikuwa akiwaona. Kwamba aliwaona wakikimbia na vitoto mgongoni, na bado akarudi mara ya pili. Nilipomuuliza kama ni afadhali kujua kwamba hakuwaona, alifikiri kidogo, akasema si afadhali wala si vibaya zaidi, ila ni kitu kingine. Akaenda kuchambua maharage.

Jamani, nimesoma vitabu vya vita hii, na vingi vinaeleza vizuri vikosi, majenerali na hotuba. Lakini swali la mama sikulikuta humo, na nisingeweza kulijibu kama nisingekaa wiki saba na kibano nikimweka yule rubani kwenye kiti chake.

Kwa anayeuliza kama kisanduku hiki kinafaa kununuliwa: kinafaa, ila si kwa anayeanza. Anza na kitu rahisi zaidi, ndege ya 1/72 isiyo na vibati, uzoee gundi na msasa kwanza. Ukifika kwenye MiG hii utakuwa na subira inayotakiwa, na itakulipa.

Yangu ipo juu ya kabati la vitabu, rangi ya fedha, makombora chini ya mabawa. Stika za alama bado ziko kwenye karatasi yake. Mwanangu huuliza kila siku hii ndege ni ya nani, na kila siku namwambia akamuulize bibi yake.